Darubini ya bunduki kwa mpiga shabaha: ipi uanze nayo

Mnunuzi mgeni huuliza darubini inakuza mara ngapi. Swali langu ni jingine: vizungusho vyake, vile vya kusogeza mahali risasi inapotua, vinasema kweli? Kila hatua ya kizungusho hutoa mbofyo; ukipandisha mibofyo ishirini kisha ukaishusha yote, risasi irudi palepale. Isiporudi, umenunua pambo.

Kwa karatasi ya shabaha iliyo mita 100 hadi 300, namba moja naipa 4-16x44 yenye kizungusho cha paralaksi ubavuni. Hukuza mara 4 hadi 16, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 44. Paralaksi ndiyo hasa inayowatesa watu bila kujua: kichwa kikisogea kidogo tu kwenye kitako, msalaba wa kulengea nao hutambaa juu ya shabaha, na risasi hutawanyika huku ukilaumu kidole chako. Zungusha mpaka msalaba utulie. Namba za umbali zilizochapwa pale ni za kukisia tu, liamini jicho.

Ya pili ni 6-24x50, kwa anayelala chini au kukaa mezani na kupiga mbali. Ni nzito, na kwenye mara 24 siku ya jua kali joto la ardhini huichezesha shabaha kama moto, hivyo wengi huishia kuirudisha 15.

3-9x40 inashika nafasi ya tatu. Nyepesi, nafuu, ila paralaksi yake kwa kawaida imefungwa karibu mita 90. Mwenye bunduki ndogo ya .22 anayepiga mita 50 atafute iliyotengenezwa kwa umbali huo.

Ya mwisho kabisa ni ile ya bei ya kutupa inayojigamba kukuza mara 32. Iache dukani.

Fedha iliyobaki weka kwenye pete za kufungia, maana pete mbovu huharibu hata darubini nzuri.

Kabla ya kufunga, hakikisha bunduki haina risasi. Weka ukuzaji wa juu kabisa, lala au kaa kama unavyopiga, kisha isogeze darubini mbele na nyuma hadi uone duara zima bila kivuli. Jicho litakuwa sentimita 9 hivi kutoka kwenye lenzi. Hapo ndipo ukaze skrubu, msalaba ukiwa wima. Ukungu wa msalaba unaondolewa kwa kuzungusha kipande cha nyuma cha kutazamia ukitazama ukuta mweupe, kwa mtupo mmoja mmoja wa jicho, kwani ukikazia macho yatajirekebisha yenyewe na kukudanganya.

Anza kulenga mita 25, kisha 100. Piga tano, pima kutoka katikati ya kundi, si kutoka tundu moja. Mbofyo wa miliradiani 0.1 (miliradiani ni kipimo cha pembe) husogeza sentimita 1 kwenye mita 100. Ule wa robo dakika ya pembe (dakika ni sehemu moja ya 60 ya digrii), milimita 7 hivi. Kwenye mita 25 mbofyo huohuo husogeza robo tu ya hapo, kwa hiyo usishangae ukihitaji mingi.