Kituo cha Fiziotherapia Kinachochunguza Kwanza

Nilimpeleka mama yangu mzazi katika kituo kimoja cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, jijini Dar es Salaam kwa maumivu ya kiuno yaliyokuwa yakishuka hadi kwenye unyayo wa kushoto, na ninakipendekeza hasa kwa namna kinavyomchunguza mgonjwa kabla ya kumpangia zoezi lolote.

Kikao cha kwanza karibu chote kilikwenda kwenye uchunguzi. Mtaalamu alimsikiliza bila kumkatiza: maumivu yalianza lini na baada ya kazi gani, yanazidi akiketi au akitembea, usiku yakoje na asubuhi yakoje. Alimpa mchoro wa mwili aonyeshe panapouma na penye ganzi, kisha ayapime maumivu kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Aliuliza pia kama mkojo au haja kubwa humtoka bila kujizuia, kama ana ganzi sehemu za siri, kama amekonda bila sababu, kama ana homa au amewahi kuugua saratani. Maswali hayo huwashangaza wengi, lakini ndiyo yanayomtambua mgonjwa anayepaswa kupelekwa kwa daktari haraka. Ganzi ya sehemu za siri ikiambatana na kushindwa kuudhibiti mkojo ni dharura ambayo huenda ikahitaji upasuaji, na kumkanda mgonjwa wa namna hiyo ni kumcheleweshea tiba. Hapo ndipo lawama yangu kubwa ilipo: vitanda vimetengwa kwa mapazia tu, na mambo kama hayo hayafai kusikika kwa jirani.

Kabla ya kumgusa aliomba ruhusa na kueleza atakachofanya. Alimtazama anavyosimama na kutembea, akamwacha ainame mwenyewe kwanza, na kila kipimo alikianzia mguu usiouma, ili awe na cha kulinganishia kutoka katika mwili uleule. Nguvu za misuli alizipima kwa daraja la 0 hadi 5, ambapo 3 ni misuli inayoweza kukiinua kiungo pale tu kisipowekewa kizuizi chochote, na 5 ni ile inayohimili kikamilifu msukumo wa mkono wa mpimaji; kidole gumba cha mguu wa kushoto kilipata 4. Aligonga goti na kifundo kwa nyundo ndogo, akapitisha pamba kwenye ngozi, kisha akaunyanyua mguu ukiwa umenyooka mpaka maumivu yaleyale yakajitokeza chini ya goti, dalili kwamba huenda mshipa wa fahamu umebanwa au umesumbuliwa. Picha ya eksirei aliitazama mwishoni, akatueleza kwamba mabadiliko ya uti wa mgongo yatokanayo na umri huonekana hata kwa watu wasioumwa, hivyo picha peke yake haitoshi kuamua tiba.

Kisha akamuuliza anataka kurudi kufanya nini. Mama alisema anataka kusujudu, asiendelee kuswali juu ya kiti. Lengo hilo liliandikwa kwenye faili, na katika kila kikao kilichofuata alipimwa upya, mazoezi yakabadilishwa kulingana na majibu. Sasa anasujudu, ingawa kuinuka bado humchukua muda.

Ningependa kituo kiwape wagonjwa nakala ya vipimo vyao, kwa kuwa anayehamia mkoani hulazimika kuanza upya. Anayekwenda avae nguo pana zinazopandishwa kwa urahisi, achukue dawa zote anazotumia, na asiwahimize wafupishe maswali.