Usinitajie bei ya kwotabeki, nionyeshe mlango wa kutokea

Haya wadau, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu wala spika. Kuna mkataba. Ndiyo, mkataba wa kwotabeki, na naufungua kama ninavyofungua boksi lolote hapa, kwa sababu kipindi hiki cha usajili wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, kila ukishika simu unakutana na kichwa cha habari kilekile: fulani kasaini miaka mitatu, milioni mia. Wa huku wanashangilia, wa kule wanatukana, na hakuna hata mmoja aliyegeuza boksi akasoma upande wa nyuma. Inaudhi, jamani.

Kwotabeki ndiye mrushaji wa mpira anayeongoza mashambulizi, mengine sirudii, mnajua. Twende kwenye bidhaa. Sam Darnold, Seattle Seahawks, Machi 2025, miaka 3, dola milioni 100.5. Hiyo ndiyo bei ya dirishani. Sasa geuza boksi. Pesa ya uhakika siku ya kusaini: milioni 37.5. Nyingine milioni 17.5 zilikuwa za uhakika endapo ataumia tu, na zilikuwa zinasubiri siku chache baada ya Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2026 ndipo zikomae kabisa. Umeona walichofanya? Seattle hawakununua miaka mitatu. Walinunua mmoja, wakaweka mlango wa kutokea, na mlango wakaubandika tarehe. Angeboronga akiwa mzima wa afya, angepewa mkono wa kwaheri kabla ya tarehe hiyo.

Hakuboronga. Timu ilishinda mechi 14 ikapoteza 3, ikaenda kubeba Super Bowl kwa kuwachapa Patriots 29–13. Na tusidanganyane, fainali yenyewe Darnold hakufanya miujiza. Pasi zilizofika ni 19 kati ya 38, yadi 202. Tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwa mkimbiaji, Kenneth Walker, na kazi ya punda ilifanywa na ulinzi. Ila mpira hakuwapa wapinzani hata mara moja. Kwa mkataba wa namna ile, hicho ndicho ulichokuwa umelipia.

Sasa nije kwenye kitu kinachonikera kuliko vyote, na hapa nitakaa. Chukua kalamu. Siyo utani, chukua kalamu na karatasi.

NFL ina ukomo wa mishahara. Mwaka 2025 ulikuwa dola milioni 279.2 kwa kila timu. Hii siyo ligi yetu, kwamba mfadhili wa Simba au Yanga akiingia na fuko la hela mambo yanaisha. Tajiri wa Dallas na yule wa Jacksonville wanaanzia namba moja. Kwa hiyo ujanja wote uko kwenye kuamua hela uliyoilipa leo ihesabiwe lini.

Mfano wetu ni Deshaun Watson na Cleveland Browns. Machi 2022: miaka 5, milioni 230, zote za uhakika, hata senti haina mlango. Juu yake Houston wakapewa chaguo 3 za raundi ya kwanza ya drafti, ule mgao wa wachezaji wachanga kutoka vyuoni. Andika: bonasi ya kusaini, karibu milioni 45. Sheria inaruhusu bonasi igawanywe kwa miaka ya mkataba, isizidi 5. Kwa hiyo 45 gawa kwa 5, kila mwaka unabeba kama milioni 9. Mwaka 2023 mshahara wake ulikuwa milioni 46. Jumlisha na ile 9. Umepata 55? Vizuri. Milioni 55 kwa mtu mmoja, na ukomo mwaka ule ulikuwa 224.8. Huwezi kujenga timu hapo.

Wakafanyaje? Wakausuka upya mkataba. Kwenye ile milioni 46 wakabakiza kima cha chini, milioni 1.08. Zilizobaki, milioni 44.92, wakaziita bonasi. Na bonasi inagawanyika! Lakini subiri, mkataba umebakiza miaka 4, wewe unataka kugawa kwa 5. Hakuna tabu, ongeza mwaka mmoja wa kwenye karatasi, mwaka ambao hakuna atakayecheza. Tanzania tunawajua wafanyakazi hewa, basi huu ni mwaka hewa. Sasa 44.92 gawa kwa 5, kama milioni 8.98. Jumlisha: 1.08, na ile 9 ya mwanzo, na hii 8.98. Nasoma hapa 19 na ushee kidogo.

Kutoka 55 hadi 19 kwa saini moja. Mchezaji hajapunguziwa kitu, tena anachekelea, mshahara wake wa mwaka kaupata mapema. Meneja anaonekana fundi. Halafu tazama upande wa kulia wa karatasi yako: vipande vinne vya 8.98 vimesogezwa mbele, karibu milioni 36 ambazo jana hazikuwepo. Mwaka 2024 wakarudia. Mwaka 2025 wakarudia tena. Hii ndiyo kausha damu yenyewe, unakopa kulipa rejesho la mkopo wa juzi.

Na ukitaka kumwacha mchezaji, vile vipande vyote ambavyo havijahesabiwa vinaporomoka kwa mkupuo. Ndiyo pesa mfu, inakaa kwenye ukomo wako na mwenyewe hayupo. Ndiyo maana mnaniuliza kila mwaka kwa nini Cleveland hawamwachi tu. Kumwacha kunakula nafasi kubwa kuliko kukaa naye! Katika hiyo misimu mitatu ya mwanzo Watson alicheza mechi 19. Adhabu ya mechi 11, kisha bega, kisha mshipa wa kisigino Oktoba 2024, na baadaye mshipa uleule ukachanika tena. Mwaka 2023 aliyewafikisha hatua ya mtoano ni Joe Flacco, mtu aliyekuwa amekaa nyumbani mpaka Novemba. Na Baker Mayfield waliyemtoa ili kumpisha Watson? Mwaka 2024 alirusha pasi 41 za tachidauni, yaani za bao, akiwa na Tampa Bay. Nisiendelee, watu wa Cleveland wameshaumia vya kutosha.

Sasa hapa nabadilisha kauli kidogo, maana Denver wananitia aibu. Machi 2024 Broncos walimwacha kwotabeki wao Russell Wilson na pesa mfu ya milioni 85. Themanini na tano! Walitumia njia ya Juni mosi: ukimwacha mchezaji kwa utaratibu huo, pesa mfu inagawanywa miaka miwili, wakabeba karibu 53 mwaka 2024 na 32 mwaka 2025. Pittsburgh wakamchukua Wilson kwa kima cha chini, milioni 1.21, kwa sababu mshahara uliobaki ulikuwa wa uhakika na Denver ndio waliokuwa wanaulipa. Kwa hesabu niliyowafundisha hapa, Denver walipaswa kufa njaa. Wakaingia mtoano mwaka huohuo, na kwotabeki wa drafti, Bo Nix, chaguo la 12.

Na Philadelphia ndio mabingwa wa miaka hewa, wameijaza kila kona ya vitabu vyao, na Februari 2025 waliwapiga Chiefs 40–22 wakabeba kombe. Sababu ni kwamba ukomo wenyewe unapanda. Mwaka 2021 ulikuwa 182.5, mwaka 2025 ukawa 279.2. Deni la milioni 9 lililokuwa mzigo juzi, leo ni chenji. Kausha damu haimkaushi mtu ambaye mshahara wake unapanda kila Machi. Kwa hiyo sawa, kukopa kwenyewe siyo kosa. Cleveland walikosea kukopa kwa mtu mmoja, kwa pesa ambayo yote ni ya uhakika, kabla hawajamwona akirusha hata mpira mmoja wakiwa wamemvalisha jezi yao.

Bonyeza kengele hapo chini, tunasogea Minnesota. Huku ndiko kwenye ugomvi.

Vikings walikuwa na Darnold huyuhuyu. Mwaka 2024 walimchukua kwa mwaka mmoja, milioni 10, bei ya karanga, na walilazimika kununua rahisi kwa sababu Kirk Cousins alipoondoka aliwaachia pesa mfu ya milioni 28.5. Miaka hewa tena hiyo. Darnold akawapa ushindi mechi 14, tachidauni 35 kwa pasi. Halafu mechi mbili za mwisho zikaharibu harufu yote: Detroit wakawapiga 31–9, na kwenye mtoano Rams wakawapiga 27–9, siku aliyoangushwa na mpira mkononi mara 9.

Machi 2025 walikuwa na njia tatu. Wamfunge kwa tagi, yaani wamzuie asiondoke, mwaka mmoja kwa karibu milioni 40.2, na hiyo yote inahesabiwa mwaka huohuo, haigawanyiki. Wampe mkataba mrefu. Au wamwache aende, wamkabidhi timu J.J. McCarthy, chaguo la 10 la drafti ya 2024, ambaye mkataba wake wote wa miaka minne ni kama milioni 22. Tangu 2011 mishahara ya drafti ina kiwango chake. Kabla ya hapo Sam Bradford alipewa milioni 78 kwa miaka sita hajacheza hata mechi moja. Kwa hiyo kwotabeki kijana anayecheza vizuri ndiye bidhaa ya bei poa kuliko zote kwenye ligi hii. Dak Prescott, kwotabeki wa Dallas, ni milioni 60 kwa mwaka. Piga hesabu tofauti yake.

Wakamwacha. Mimi siwalaumu kwa hilo, na najua mtanishambulia. Hela iliyobaki waliitumia mahali panapoeleweka: Will Fries kwenye safu ya mbele, miaka 5, milioni 88, Ryan Kelly katikati, Jonathan Allen na Javon Hargrave upande wa ulinzi. Mtu kaangushwa mara 9, unarekebisha ukuta. Hiyo ni akili.

Lawama yangu kwao ni moja: kiti cha pili, yaani kwotabeki wa akiba. McCarthy alikuwa ametoka kuchanika goti, hajacheza hata mechi moja ya ligi. Bidhaa mpya isiyojaribiwa haitaki kuachwa bila akiba, na Daniel Jones alikuwa palepale kikosini mwao. Akaenda Colts kwa milioni 14 za mwaka mmoja. Vikings wakachukua Sam Howell siku za drafti, Agosti wakamtoa, wakamchukua Carson Wentz msimu ukiwa mlangoni. Kutafuta kwotabeki wa akiba mwisho wa Agosti ni kutafuta tochi umeme ukishakatika. Kitabu cha michezo kina mamia ya maneno ya kuita, na yule anayekudakia mpira mnahitaji kuzoeana muda wa kuachia. Wiki mbili hazitoshi.

McCarthy akaumia kifundo mechi ya pili. Wentz akaanza mechi tano, bega likakataa. Tarehe 30 Novemba 2025 wakatua Seattle na Max Brosmer, kijana ambaye hakuchaguliwa kwenye drafti. Ng'ang'ania picha moja tu ya siku ile. Jaribio la nne, la mwisho, inahitajika yadi 1, wako karibu kabisa na mstari wa goli. Mpira unatakiwa utoke ndani ya kama sekunde mbili na nusu. DeMarcus Lawrence keshamfikia, keshamkamata. Hapo mwenye uzoefu anakubali kuanguka na mpira wake, hasara ni ndogo. Brosmer akaurusha kwa chini, kama mtu anayemtupia mwenzake funguo. Ernest Jones akaudaka, yadi 85 mpaka goli la upande wa pili. Zikaisha 26–0, pasi nne zimenaswa, na Darnold upande wa pili hata hakulazimika kutoka jasho.

Kwa hiyo mkiwa mnafuatilia usajili wa safari hii, kwa kila timu yenye kijana, ulizeni nani anakaa nyuma yake na amesainiwa mwezi gani. Mwezi Machi, sawa. Agosti, hapana. Na msije mkaniambia kuna kanuni ya kwotabeki wa tatu wa dharura. Ipo, ililetwa 2023 baada ya San Francisco kuumiziwa makwotabeki wawili kwenye mechi moja kule Philadelphia. Lakini yule anaingia wawili wa juu wakiwa wameumia au wametolewa tu.

Alama zangu: mkataba wa Seattle, 9 kwa 10, moja nimeitoa kwa sababu kombe limepandisha bei ya mazungumzo yajayo. Cleveland siwapi alama, nawapa pole. Minnesota 6, na hizo 6 ni za ukuta.

Soko linafunguliwa rasmi katikati ya Machi saa kumi jioni ya New York, huku kwetu saa tano usiku, ila simu zinaanza kupigwa siku mbili kabla, kwa hiyo ukisubiri ile saa tano utakuta wazuri wameshaondoka. Nitakuwa hewani kuanzia Jumatatu yake. Mje na karatasi zenu, na mwaka hewa wa kwanza utakaouona kwenye mkataba wowote, niandikie hapo chini umegawa kwa ngapi.