Kodi ya F imeniharibia programu nzima ya kujifunzia gitaa

Nyota moja. Aliyeweka F ya kubana nyuzi zote sita kwenye somo la tatu (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja, si ya serikali) hajawahi kumfundisha mtu gitaa. Jina la programu silitaji. Waliolipia wataitambua kwa yule katuni anayetikisa kichwa kila ukikosea.

Kinachoniuma ni kwamba walianza vizuri. Somo la kwanza C, la pili G7, na kumpa anayeanza G7 badala ya G kavu ni akili kweli. Kwenye C, ukihesabu nyuzi kuanzia ule mwembamba kabisa, kidole cha pete kiko uzi wa tano freti (kile kichuma kinachokatiza shingo ya gitaa) ya 3, cha kati uzi wa nne freti ya 2, cha shahada uzi wa pili freti ya 1. Ukienda G7, pete na kati vinahamia uzi mmoja mmoja upande wa nyuzi nene, shahada kinashuka uzi wa kwanza. Freti ni zilezile. Umbo limetanuka tu.

Sasa F ingekuja vivyo hivyo. Kutoka C, pete na kati vishuke uzi mmoja mmoja upande wa nyuzi nyembamba: pete uzi wa nne freti ya 3, kati uzi wa tatu freti ya 2. Shahada hakiondoki kabisa. Umeshapata do, fa, so (yaani C, F na G7) kwa mkono ambao haukusafiri popote, na mtu mwenye do, fa, so anaweza kukaa nyuma ya kwaya au kuzungusha do-fa-so-fa kama mpiga rizimu wa rumba siku nzima. Programu haikutamka neno juu ya hili. Imeruka moja kwa moja kwenye kubana, kidole kimoja kilale kama rula juu ya nyuzi sita, na katuni anatikisa kichwa.

Nikawaandikia. Jibu: “Vidole vyako bado ni dhaifu, ongeza juhudi.”

Juhudi! Hamjauliza hata gitaa likoje. Freti ya 1 ndiyo ngumu kuliko zote kwa kubana, kwa sababu iko jirani na kile kipande chenye mifereji kinachopokea nyuzi pale kichwani. Mifereji ikiwa haijachimbwa vya kutosha, na magitaa mengi ya bei nafuu ndivyo yanavyotoka dukani, hata fundi seremala hatabana hiyo F. Kipimo ni rahisi: peleka umbo hilohilo freti ya 5 (hapo inakuwa A). Ikilia safi huko na kukwama freti ya 1, kosa si la vidole. Bonyeza kila uzi freti ya 3, kisha chungulia nafasi iliyobaki juu ya freti ya 1. Inatakiwa iwe nyembamba kama karatasi. Ukiona uwazi mkubwa, mpelekee fundi wa gitaa apige tupa kidogokidogo. Akizidisha, uzi utaanza kukwaruza freti, na hapo ni kubadilisha kipande chote.

Halafu wimbo wa mazoezi. Mapigo 100 kwa dakika, kodi inabadilika kila mapigo 2. Piga hesabu: mabadiliko 50 kwa dakika, somo la tatu! Anayeanza aanze na mapigo 60, kila kodi mapigo 4, yaani mabadiliko 15. Pigo la nne vidole viachie mapema, mkono wa kulia uendelee hata kama nyuzi zinalia wazi. Mkono wa kulia ukisimama kusubiri wa kushoto, wimbo umekufa.

Ila niwe mkweli. Ile F ndogo ya vidole vitatu programu iliikataa, nikaitukana maikrofoni, kumbe maikrofoni ilikuwa sahihi. Uzi wa kwanza ukiachwa wazi unatoa E, na F ni F, A na C tu. Laza kidogo ncha ya shahada iguse uzi wa kwanza unyamaze, usipige ule wa tano na wa sita, na alama ya kijani inawaka papo hapo. Nyuzi tatu tu! Sikio la programu hii ni zuri kuliko masikio ya wapigaji wengi ninaowajua. Basi nyota tatu.

Hapana, ngoja. Kama sikio linaikubali F ya nyuzi tatu, kwa nini mwalimu aifiche na kuwaachia watu malengelenge? Huo si usahaulifu, ni dharau. Mbili. Na kitufe cha kushusha kasi kipo, wamekizika ndani ya mipangilio, chini kabisa, baada ya rangi za katuni. Shusha hadi 60 kabla hujagusa somo la tatu.