Memtest86+: dawa ya kwanza kwa kompyuta inayogandaganda

Kompyuta ya kuunga mwenyewe ikiganda ovyo, mara kwenye gemu, mara ukiandika barua tu, usikimbilie kupiga Windows upya. Anza na Memtest86+, programu ya kupima RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ni ya bure, inakaa kwenye flashi ndogo kabisa, na inajiwasha bila Windows, kwa hiyo mambo ya draiva na virusi yanawekwa pembeni. Ikigoma kuwaka, zima Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizotambulika kuwasha mashine) kwenye BIOS, mipangilio inayofunguka kabla ya Windows.

Iache izunguke duru nne, ikibidi usiku kucha. GB 16 huweza kula zaidi ya saa moja kwa duru, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Mstari mwekundu hata mmoja ni kosa. Usijidanganye kwamba ni machache. Zima XMP kwanza (mpangilio wa BIOS unaoongeza spidi ya RAM), rudia. Makosa yakiisha, tatizo ni spidi uliyoilazimisha. Yakibaki, pima kijiti cha RAM kimoja kimoja kwenye sloti ileile: kosa likikifuata kijiti, kijiti kibovu, likibaki kwenye sloti, tazama mazabodi (ubao mkuu). Kwa nyumba za pwani kama za Shangani au Mikindani, zinazopigwa na upepo wa chumvi, kabla ya kununua RAM mpya sugua meno ya dhahabu ya kijiti ulichonacho taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa vumbi, rudisha hadi klipu ya sloti ilie "ta".

Udhaifu wake: haipimi pawa saplai, diski wala kadi ya picha. Ikipita safi na mashine bado inaganda mzigo ukipanda, azima pawa saplai isiyo na hitilafu ujaribu.

Nyota nne kati ya tano.