Tahadhari kwa wanaojenga kitalu nyumba kwa mara ya kwanza: kagueni msingi kabla haujafukiwa

Ndugu wakulima wa bustani, naandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji anayejinadi katika makundi ya WhatsApp ya wakulima wa Arusha na vitongoji vyake, akiuza vitalu nyumba vya mita 8 kwa 15 anavyoviita "kamili pamoja na msingi wa zege". Jina lake silitaji kwa kuwa shauri liko polisi, ila mbinu zake nitazieleza, maana sidhani kama ni yeye peke yake anayezitumia.

Tulikubaliana shilingi 4,800,000, nami nikalipa asilimia 70 kwa simu kabla kazi haijaanza, kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine aliyedai kuwa ni mhasibu wake. Hapo ndipo nilipopaswa kusita, na sikusita. Risiti ya EFD niliahidiwa kazi ikiisha, nayo sijaiona mpaka leo.

Makubaliano yalikuwa nguzo 21, yaani safu tatu za nguzo saba saba, kila moja isimame katika shimo la sentimita 40 kwa 40 lenye kina cha sentimita 60, kisha imwagiwe zege mpaka juu. Siku ya kuchimba nilikuwa safarini, akanitumia picha sita za mashimo, kila moja ikionyesha futi iliyosoma sentimita 60 barabara. Nilipozitazama upya baada ya hasara, niliona mzizi uleule uliokatika kwenye ukingo wa kila shimo. Lilikuwa shimo moja tu, lililopigwa picha kutoka pande sita.

Masika yalipoanza, nguzo za upande wa bondeni ziliinama. Usiku mmoja wa upepo zile zilizolegea zikang'oka pamoja na nailoni, na miche ya nyanya niliyokuwa nimeihamisha wiki mbili kabla ikalala chini yake. Nilipochimbua nikakuta mashimo hayazidi sentimita 30, yamejazwa mawe na udongo, na juu yake kifuniko cha zege chenye unene wa vidole vinne, kilichosawazishwa vizuri kwa mwiko ili kipendeze macho. Nilipompigia simu alinijibu kwamba kitalu nyumba si ghorofa, hakihitaji msingi mkubwa.

Jibu hilo linasikika la busara, na ndiyo maana linawapata wengi. Ni kweli kwamba kitalu nyumba ni chepesi na hakielemei ardhi kama nyumba ya tofali, lakini hatari yake kubwa haiko katika kudidimia: upepo ukiingia chini ya nailoni hukivuta juu, na kinachokishikilia ni uzito wa zege lililoshikamana na mguu wa kila nguzo, pamoja na udongo uliolishikilia zege hilo. Kifuniko chembamba hakina uzito wowote wa maana.

Ningeweza kuugundua udanganyifu huu kwa kuhesabu mifuko ya saruji tu. Mashimo 21 ya vipimo nilivyotaja yana ujazo wa takriban mita 2 za ujazo, na ukiondoa nafasi ya nguzo zenyewe inabaki kama 1.9. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, zege hilo linahitaji mifuko 12 hivi ya kilo 50. Hata ukipunguza makali hadi moja, tatu na sita, haishuki chini ya minane. Kijana anayenilindia shamba aliona mifuko minne ikishushwa, wala hakuwa na sababu ya kushangaa, kwa kuwa sikumwambia itarajiwe mingapi.

Shamba langu lina udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, na udongo wa namna hiyo huisukuma na kuilegeza nguzo fupi hata pasipo upepo. Muuzaji mwaminifu angeuliza habari za udongo kabla ya kutaja bei, tena angedai mfereji wa kukinga maji uchimbwe upande wa mlimani. Huyu hakufika shambani hata mara moja kabla ya kupokea fedha.

Nguzo nazo aliziuza kama zilizotiwa dawa. Nilipokata moja kwa msumeno nikakuta rangi ya kijani imeishia kwenye ngozi ya juu kama rangi ya mlango, ilhali katika nguzo iliyotiwa dawa kikweli ukijani huonekana umeingia ndani ya mti kuzunguka kiini. Omba ukate kipande kabla ya kununua. Akikataa, umeshapata jibu.

Jambo jingine unaloweza kulipima mwenyewe ni pembe. Kwa kitalu cha mita 8 kwa 15, kamba ya kutoka kona hadi kona ya mkabala inapaswa kusoma mita 17 kamili pande zote mbili. Cha kwangu kilisoma 17.4 upande mmoja na 16.6 upande wa pili, na ndiyo sababu mlango haukuwahi kufunga sawasawa na nailoni ilijikunja kona mbili, hata kabla ya mvua.

Kwa yeyote aliyekwisha kulipa malipo ya awali kwa muuzaji wa aina hii, nashauri asitoe fedha nyingine mpaka ameshuhudia mashimo yote yakiwa wazi na kuyapima kwa mkono wake, shimo kwa shimo. Zege ambalo tayari limemwagwa lichimbuliwe pembeni mwa nguzo mbili au tatu alizochagua mwenye shamba, zisiwe zile atakazoonyeshwa na fundi.

Nimehifadhi nguzo tatu na vifuniko vyake vya zege kama nilivyovichimbua, pamoja na zile picha sita. Waliouziwa na mtu huyu na wenye picha zinazofanana na zangu, tafadhali wazitazame vizuri kwenye ukingo wa shimo, kisha wafike polisi na wao kufungua jalada.