Abasia ya Fontenay, Ufaransa: Mkinga nimefika, na hela haikupotea

Kwanza mnijue. Nina duka la vyuma na karakana ya kuchomelea mageti hapa Uyole, Mbeya, na utani wote mnaotutania Wakinga kuhusu hela, kwangu mimi ni kweli tupu. Kwa hiyo kijana wangu anayesoma Dijon aliponiambia Jumamosi tunakwenda kuangalia nyumba ya watawa ya zamani, nikamuuliza kiingilio shilingi ngapi. "Mama, nimeshalipa," akasema. Bei niliiona mwenyewe pale langoni, nikaizidisha kichwani, nikanyamaza.

Treni kutoka Dijon hadi Montbard haimalizi saa moja. Kazi inaanzia hapo Montbard, maana abasia iko kama kilomita 6 kutoka stesheni, bondeni, katikati ya msitu, na bajaji hakuna. Teksi tuliyoipigia simu ilisema inakuja, tukaisubiri mpaka tukachoka, tukatembea. Kilomita 6 hazimtishi mtu aliyekulia Makete, lakini vaeni viatu vya maana. Na sweta. Ilikuwa Juni na bado bonde lile lina baridi ya asubuhi kama ya kwetu milimani.

Mahali penyewe pana umri wa kutisha. Mtawa Mfaransa, Bernardo wa Clairvaux, alipaanzisha mwaka 1118. Wamonaki wake walikuwa Wasitoo, nao walifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ileile ya watawa wa Peramiho kwetu, ila waliona wenzao wamelegea, wakataka kurudia ukali wa mwanzo: sala, kazi za mikono, mapambo hakuna. Mimi ni Mlutheri, haya yote kanieleza kijana tukiwa njiani. Kanisa lilijengwa kati ya 1139 na 1147, sehemu kubwa kwa fedha za askofu wa Norwich, Uingereza, aliyekuja kumalizia maisha yake hapo. Papa Eugenio III ndiye aliyelitabaruku.

Nilitegemea dhahabu. Hakuna. Mnara wa kengele hakuna, vioo vya rangi hakuna, ni mawe tu na mwanga unaoingia mweupe. Nikatazama chini nikaona tunakanyaga udongo. Niliinama nikaugusa: mkavu, umeshindiliwa, umekuwa mgumu kama sakafu ya nyumba ya bibi. Mama mmoja wa Kifaransa alinishangaa, sijui alidhani nimeangusha pete. Kanisa la urefu wa mita 66, lililofunguliwa na Papa, na chini ni udongo! Hapo ndipo nilipoanza kuwapenda hao watu.

Bweni lao liko juu. Paa lake ni la mbao, la karne ya 15, limejikunja kama mtumbwi wa Matema uliopinduliwa, na kila boriti inaonekana ilivyoungwa na mwenzake. Walilala humo wote pamoja, na nguo zao, juu ya majani makavu, bila moto. Ukitoa jikoni, moto uliwashwa chumba kimoja tu, na ni kidogo. Kijana akacheka akasema mama hawa wangezoea Makete. Nikamwambia Makete tunalala na jiko la mkaa mlangoni, wewe umeshasahau.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Kule mwisho wa bustani, pembeni ya kijito, kuna jengo la mawe la mita 53. Ni karakana ya chuma, ya wamonaki, ya zaidi ya miaka 800 iliyopita. Udongo wa chuma waliuchimba kwenye kilima cha hapohapo, na maji ya kijito waliyageuza kwa mfereji yapite ubavuni mwa jengo yakazungushe magurudumu. Gurudumu na nyundo vilivyopo leo vimetengenezwa upya, 2008, lakini utaratibu ni wa kale.

Nilisimama pale mpaka kijana akaniacha akaenda kuangalia samaki bwawani. Maji yanasukuma gurudumu, gurudumu linazungusha mhimili mnene wa mti, na mhimili una vijino. Kijino kinakandamiza mkia wa mpini wa nyundo, kichwa kinainuka taratibu, kijino kikipita, kichwa kinaanguka: pu! Unausikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Halafu kijino kinachofuata. Hakuna anayetoka jasho.

Babu yangu alikuwa mhunzi. Majembe aliyapiga kwa mkono, mivukuto ya ngozi ya mbuzi inapulizwa na watoto, na mimi nilikuwa mmoja wao. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto mpaka anazikwa. Nikaitazama ile nyundo, nikaona wivu, sifichi.

Jambo moja lilinikera, na si kosa la wanaopaendesha leo. Wanaoimba sala walikaa mbele, karibu na altare. Mabruda waliofanya kazi nzito mashambani na karakanani walikuwa kundi lao, wengi hawajui kusoma, na kanisani nafasi yao ilikuwa nyuma. Kwa hiyo mpiga chuma alikaa nyuma. Babu asingekubali.

Habari ya baadaye nitaipitisha haraka. Tangu karne ya 16 maabate, yaani wakuu wa abasia, walikuwa wanateuliwa na mfalme, wanakula mapato, nyumba inachakaa. Mapinduzi ya Ufaransa yakawaondoa wamonaki, pakauzwa, pakawa kiwanda cha karatasi. Maji yaleyale, mnaona? Mwaka 1906 mwenye benki mmoja, Edouard Aynard, akapanunua, akabomoa majengo ya kiwanda na kurudisha ya zamani, na familia yake ndiyo inayopamiliki mpaka leo. UNESCO walipaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1981.

Kwa anayetaka kwenda: tengeni saa mbili, na msianze na karakana, mtashindwa kuangalia vingine. Bebeni chakula. Ukienda kutafuta picha za kupendeza ukutani utaondoka umenuna, nenda kama unapenda kujua kitu kilijengwaje. Kutoka Paris pia inawezekana kwenda na kurudi siku moja, treni ya kasi inafika Montbard kwa saa moja hivi.

Video ya nyundo nilimwonyesha fundi wangu mkuu siku niliyorudi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, vijana wamekaa juu ya nondo wanapiga soga. Aliitazama mara tatu, akanirudishia simu.

"Mama," akasema, "na huo mfereji, wanaulipia bili?"