Vector II ya mwaka 1988: mtumba niliouvaa mgongoni

Naanza na bei ya begi hili la kurukia na mwavuli kutoka ndegeni, maana ndiyo iliyoniponza: dola 350. Jipya la kushonwa kwa vipimo vyangu ni zaidi ya dola 3,000, na mimi naendesha lori la mboga hapa Florida. Ninalipatia nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu iliyokatwa na moja nzima ni za waliolimiliki kabla yangu, si za aliyelishona.

Kwanza jina. Warukaji wa huku huliita kontena. Nikimwambia mama aliyeko Tanga kwamba nimenunua kontena ataniuliza meli inafika lini. Nitaliita begi, kwa kuwa ni begi kweli: chumba cha juu cha mwavuli wa akiba, cha chini cha mwavuli mkuu, na mikanda ya kifuani na mapajani ya kukufunga humo.

Mama ni fundi cherehani Ngamiani, na mitumba ya Tangamano inayopita kwenye meza yake haihesabiki. Alinifunza mapema: mtumba hauangaliwi mbele. Unaugeuza ndani nje, unatazama kwapa, ukosi na pindo, halafu ndiyo unauliza bei. Nilifanya hivyo hivyo, ila baada ya kulipa.

Muuzaji, simtaji, aliandika kwamba begi ni la mwishoni mwa miaka ya 1990 na halijaguswa. Zambarau na waridi kali ya kitambaa ingenistua, lakini rangi si cheti. Wapo wanaoagiza rangi za zamani makusudi. Kinachosema kweli ni lebo. Nilipompelekea fundi wa miavuli, mzee mmoja wa mji wa DeLand mwenye miwani miwili shingoni, alifungua upande wa akiba na kunionyesha kipande cha kitambaa chenye mhuri wa wino uliofifia: Relative Workshop, DeLand, namba ya begi, Mei 1988, na herufi TSO-C23b, alama ya kanuni ya Marekani ya kuidhinisha miavuli. Akacheka, akasema limerudi lilikozaliwa.

Jina hilo peke yake ni saa ya ukutani. Ni karakana ya Bill Booth, aliyetuletea pete tatu za kuuachia mwavuli mkuu ukiharibika, na kimwavuli cha kurusha kwa mkono kinachouvuta mkuu utoke; baadaye ilibadili jina ikawa United Parachute Technologies, na bado iko mji huo huo. Ukiona jina la kale kwenye lebo, unajua uko upande gani wa miaka. Ila hiyo herufi ya mwisho ndiyo inayowachanganya watu. C23b haisemi begi lilishonwa lini. Inasema muundo wake uliidhinishwa kwa kanuni ipi, na muundo ulioidhinishwa kwa b unaweza kuendelea kushonwa miaka mingi baada ya kanuni iliyofuata, c, kutoka. Tarehe isome kwenye tarehe. Kama lebo imeng'oka au haisomeki, rudisha begi, hata likiwa la bure.

Kadi ya kufungia mwavuli wa akiba ilikuwa mfukoni mwake. Hii nayo isome kama daftari la kliniki. Kila fundi huandika tarehe, mahali na alichofanya, kisha hufunga kwa uzi mwekundu na kipande cha madini ya risasi chenye alama yake. Siku hizi Marekani ni kila siku 180. Kabla ya Desemba 2008 zilikuwa 120. Kwenye kadi yangu mistari ilijaa hadi 2003, halafu kimya. Kimya hicho begi lilikuwa wapi? Harufu ilijibu: stoo yenye unyevu.

Sasa mshono. Chini ya begi kulikuwa na mfuko wa kitambaa cha kunyumbuka, wa kuwekea kimwavuli. Zamani kimwavuli kilikaa kwenye mkanda wa paja, kwa hiyo mtu alikihamisha. Sina tatizo na kuhamisha. Nilipogeuza pindo nikaona uzi wa pamba, mshono wa kwenda na kurudi uliopindapinda kama wa mwanafunzi wa mwezi wa kwanza, na matundu ya sindano mawili mawili pale aliposhona, akafumua, akashona tena. Nailoni ikishatobolewa hivyo imechanika nusu. Nilimpigia mama video. Akatazama sekunde tatu: “Mwanangu, huyo kashona foronya.” Kitambaa chenyewe kilikuwa kimelegea, kimwavuli kikitoka humo kabla hujakiita, kamba yake inaweza kukunasa na begi bado limefungwa. Kwenye kadi hapakuwa na neno lolote kuhusu kazi hiyo. Mfuko mpya, uliowekwa na mtu mwenye leseni na kuandikwa: dola 90.

Pete tatu ndizo zilizonifanya nilipende. Pete kubwa iko kwenye mkanda wa bega, ya kati inapita ndani yake, ndogo inapita ndani ya ya kati, na kitanzi chembamba kinaishika ndogo, kikizuiwa na waya wa manjano. Uzito wako wote unaning'inia, lakini kila pete inapunguza mzigo, hadi kitanzi kinabeba kiasi ambacho mkono mmoja unaweza kuachia. Zangu zilikuwa hazina kutu. Mikanda inayounganisha begi na mwavuli mkuu, raiza, ndiyo ilikuwa imekauka ikashika umbo la pete kama ukanda wa kiatu cha marehemu. Utepe mgumu hivyo unaweza kuchelewesha pete kugeuka. Kila mwezi sasa nazifungua, naukunjakunja utepe kwa vidole mpaka ulegee, nafuta waya, nakagua kitanzi kama kimeota nywele. Dakika kumi, redio ikiwa imewashwa. Raiza zenyewe nilinunua mpya.

Velkro za vifuniko vya mabegani zilikuwa zimechoka, zimebadilishwa. Mfuko wa Cypres, kifaa kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe ukishindwa kuufungua, ulikuwepo, ingawa kifaa hicho kilitoka 1991, miaka mitatu baada ya begi. Huo ulikuwa umeshonwa vizuri na kuandikwa kwenye kadi. Kwa hiyo si kila mmiliki alikuwa mshona foronya.

Begi lilikuja pia na mwavuli wa akiba wa duara wenye wavu. Miavuli kadhaa ya zama hizo iliwekewa wavu wenye asidi inayokula nailoni, na mafundi huupima kwa tone la bromokresoli kijani. Mzee alidondosha, tone likawa manjano, dalili ya asidi, mbele ya macho yangu. Hatukujadili.

Kuruka nalo? Mgongoni limetulia, mikanda ya mapaja haiteremki, na sijawahi kupata begi linalokaa vizuri zaidi kwenye ndege. Lakini lilikatwa kwa miavuli mikubwa. Wangu wa futi za mraba 150 ulicheza humo kama mbegu kwenye kibuyu, kitanzi cha kufungia begi kikalegea na pini yake ikawa inateleza kwa kidole. Mzee alikataa kata kata kuniruhusu. Nilibadilishana na rafiki, nikachukua wa 190, pini ikakaza. Na ni la kuruka kifudifudi tu. Wanaokaa au kusimama hewani kwa mwendo wao mkali watafute kilichoshonwa kwa kazi hiyo. Ujue pia mafundi wengine hawafungi kitu kilichozidi miaka 20, hata kikiwa safi. Uliza kabla hujanunua.

Jumla nimetoa dola 690. Linaning'inia kabatini, mbali na dirisha na mbali na betri ya gari. Raiza za zamani nimezikata kwa mkasi asije mtu akaziruka. Pete zake nimemtumia mama. Anafungia funguo za duka.